Wapenzi wa Shimo

Ukitaka kujua binadamu ni kiumbe wa ajabu kiasi gani, msimamishe mbele ya shimo tupu, mwambie kwamba zamani humu kulikuwa na kitu, halafu kaa pembeni umtazame. Atainama. Atavua miwani, aifute, aivae tena. Atamvuta mkewe mkono na kumwonyesha kwa kidole, utadhani mke hana macho. Kisha atatoa simu apige picha, wala si moja, na akirudi kwao atawasimulia majirani kwamba ameliona.

Bi Usiguse aliyaona hayo kila siku ya kazi, na kila siku yalimtia kichefuchefu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wageni, kwa sababu neno lililomtoka mdomoni mara nyingi kuliko salamu lilikuwa hilo hilo: usiguse. Alikuwa mwongoza wageni kwenye kituo cha mawe ya kale, bonde kavu ambamo watu wa zamani sana, kabla ya chuma, kabla ya chungu, kabla ya yeyote kufikiria kuandika, walikaa wakichonga mashoka ya mawe, wakayatumia, wakayaacha chini. Bado yapo. Ni mengi kiasi kwamba huwezi kuweka unyayo bila kukanyaga moja, ndiyo maana wageni hupitishwa juu ya njia ya mbao yenye kamba huku na huku, na Bi Usiguse hutembea mbele yao kinyumenyume, macho yake mikononi mwao.

Mwenye akili zake angedhani wageni wanakuja kuyaona mashoka hayo. Wapi! Waliyapita kama watu wanaopita kokoto za fundi ujenzi. "Haya tumeyaona," walisema, "shimo liko wapi?"

Shimo lenyewe lilikuwa hivi. Kati ya mashoka yote yale kulikuwa na moja lililowapita wenzake. Lilikuwa jembamba, lenye ncha, limechongwa pande zote mbili kwa subira ambayo watu wa siku hizi hawana hata ya kungoja chai ipoe, na wataalamu walilipa jina la Jani. Walilisafisha kwa brashi, wakaliacha pale pale lilipolala, nusu limezama kwenye udongo uliokauka ukawa mgumu kama saruji. Siku moja likanyanyuliwa na mikono isiyojulikana. Likabaki umbo lake tu, kama kichwa kinavyoacha umbo lake kwenye mto asubuhi.

Jani lilipokuwepo, hakuna aliyekuwa na habari nalo. Wanafunzi waliletwa kwa lazima, wakapiga miayo, wakaondoka. Lilipoibiwa likaandikwa magazetini, na watu ambao hawakuwahi kukanyaga bondeni wakaja mbio kutazama kisichokuwepo. Wakaja, wakarudi, wakaja tena na wageni wao. Kituo kikaliwekea shimo kioo juu, reli pembeni, na benchi la kupumzikia wale wanaozidiwa na hisia. Pakafunguliwa duka. Dukani zikauzwa fulana zenye doa jeusi kifuani, doa lenyewe ndilo shimo, na watu wazima wenye familia zao wakazivaa.

Wengine waligeuka kuwa wateja wa kudumu. Alikuwepo mama mmoja mwenye mkoba mkubwa aliyekuja kila alipopoteza kitu, funguo au hereni, maana alisema shimo linamtuliza. Walikuwepo bwana na bibi waliochumbiana hapo kwenye reli, na ambao sasa walirudi kila walipogombana, wakagombana vizuri zaidi. Alikuwepo mhadhiri aliyeleta wanafunzi wake akawaambia kwamba kutokuwepo ni namna ya kuwepo, na wanafunzi wakaandika. Bi Usiguse aliwasikiliza wote hao huku amekunja mikono, na moyoni akawapa vidonge vyao mmoja mmoja.

Aliyemchosha kuliko wote alikuwa Bwana Kila Mwaka. Huyo alikuwa mzee mwembamba, msafi, mwenye kofia ya kitambaa na hotpoti ndogo ya chakula aliyoibeba kwa mpini. Alikuja vumbi lilipoanza kutimka, mwaka nenda mwaka rudi. Hakuuliza swali, hakupiga picha. Alivua kofia, akaishika kifuani kama aliyehudhuria maziko, akasimama hivyo mpaka kundi likaondoka na kumwacha.

"Yule kaoa shimo," Bi Usiguse alimwambia mlinzi wa getini. "Mwaka kesho atalinunulia gauni."

Mlinzi wa getini alicheka mpaka akashika mbavu.

Lakini tusimwonee Bi Usiguse. Dharau yake haikuzuka tu. Kila mwongoza wageni, akifika shimoni, alitakiwa kusema maneno yaliyopangwa na ofisi, bila kuongeza wala kupunguza. "Siku hiyo," maneno yalisema, "zamu ilikuwa ya mlinzi mmoja mlevi, aliyeacha lindo lake na, kama inavyoaminika, akala njama na wezi." Hapo wageni walisonya. Wengine walicheka. Bi Usiguse aliyatamka bila kupepesa macho, kwa sauti ile ile aliyotumia kuwaelekeza chooni. Na yule mlinzi mlevi alikuwa baba yake mzazi.

Pombe baba yake hakuwahi kuonja hata ya dawa. Siku ile alisema kitu kimoja tu, akakishikilia: kwamba kuna mama mjamzito alianguka kwa jua, naye akakimbia kumtafutia maji. Mama huyo akatafutwa, hakuonekana, na maji yakawa uongo. Wakubwa wake wakamwita pale pale shimoni, mbele ya wafanyakazi wenzake na wageni waliokuwepo, wakamvua kofia ya kazi kichwani kama mtoto aliyeiba sukari. Unga ukamwagika. Mkewe alikufa akiitwa mke wa mwizi, na binti yake alikua akiitwa mtoto wa mwizi, mpaka alipokuwa mkubwa akaenda kuomba kazi kwenye kituo kile kile.

Watu walimshangaa. Alijibu kwamba kazi ni kazi. Ukweli ni kwamba aliamini aliyelichukua Jani, kama ipo siku atalirudisha, atalirudisha pale alipolichukua, na siku hiyo yeye alitaka awepo. Hilo ndilo pekee alilolitaka duniani: baba yake aambiwe kabla hajafa kwamba hakuiba. Kwa ajili ya hilo alikubali kumwita mlevi mchana kutwa.

Baba mwenyewe alikuwa anajua. Alikaa chumba cha nyuma, chenye mlango usiotulia, uliojipiga wenyewe kila upepo ulipopita, paa, paa, na tofali walilouwekea halikuufaa kitu. Binti akirudi jioni, mzee alimsubiri kwa swali lile lile.

"Eeh, leo nilikuwaje? Nimelewa tena?"

"Umelewa, baba."

"Sana?"

"Kama jana."

"Afadhali," mzee alisema. "Pombe yenyewe sijaionja, angalau nalewa kwa mdomo wa mwanangu." Kisha akacheka, na binti akaenda jikoni haraka kuwasha moto, maana kicheko kile hakukiweza.

Mwaka huo Bwana Kila Mwaka alikuja kama kawaida yake, kofia kifuani, hotpoti mkononi. Kundi lilipogeuka kuelekea dukani, yeye alibaki.

"Mzee, tunafunga njia," Bi Usiguse alimwambia. "Shimo halina miguu. Mwakani utalikuta."

"Mwanangu, naomba nikae kidogo."

Alikaa kwenye benchi, akaiweka hotpoti mapajani, akaifungua. Bi Usiguse alikwishafungua mdomo kumwambia kwamba chakula ni marufuku. Ndani hamkuwa na chakula. Mlikuwa na taulo dogo la uso, limekunjwa vizuri, na mzee alilikunjua polepole.

"Nimekuja nalo mara nyingi," alisema, "nikarudi nalo."

Bi Usiguse alisonya. Stoo kulikuwa na ndoo nzima ya mawe yaliyoletwa na watu waliodai ndilo Jani: mawe ya mtoni, vipande vya vigae, hata jiwe la kunolea visu lenye jina la kiwanda. Mmoja alileta sabuni iliyokauka. Akalipokea jiwe la mzee kwa mkono mmoja, kama mtu anayepokea chenji, tayari kulipeleka kwenye ndoo na wenzake. Gumba lake likazama.

Baba yake alikuwa amemsimulia mara nyingi. Upande mmoja wa Jani, alisema, kuna mahali ambapo gumba linaingia lenyewe, wala hulitafutii nafasi, kama vile aliyelichonga alikupima mkono. Bi Usiguse alikuwa akiamini ni maneno ya mzee anayetia chumvi. Sasa gumba lake lilikuwa humo.

Ufunguo wa kioo alikuwa nao, kwa sababu yeye ndiye aliyekifuta vumbi kila asubuhi. Alikifungua, akapiga magoti, akaliweka jiwe shimoni. Liliingia. Halikucheza, halikuinama, halikubakiza hata upenyo wa kupitisha ukucha. Lilirudi kwao.

"Wewe," Bi Usiguse alisema. Heshima kwa mzee ilikuwa imemtoka yote.

"Ni mimi." Bwana Kila Mwaka aliitazama kofia yake. "Nilikuja na mke wangu. Alikuwa mjamzito, jua likamwangusha, hapo hapo unapopiga magoti. Mlinzi akamwona, akakimbia kutafuta maji. Alikimbia kweli, mtu mwema yule. Tukabaki sisi na jiwe. Nikainama nikalichukua, nikalitia ndani ya koti."

"Kwa nini?"

"Hata sijui. Lilikuwa zuri."

"Akaleta maji?"

"Akaleta. Mke wangu akanywa." Mzee alijifuta mdomo. "Na mimi nilikunywa."

Bi Usiguse aliinuka. Alishika reli.

"Na uliposikia kwamba kafukuzwa?"

"Nilisoma gazetini. Niliumia, mwanangu, niliumia sana. Ndiyo maana nimekuwa nikija."

Kumbe ndiyo hayo! Mtu kamwibia mwenzake jina, kamwachia la mwizi mpaka mke akafa nalo, halafu anakuja mara moja kwa mwaka kuvua kofia mbele ya shimo, anapigwa na jua kidogo, anarudi nyumbani akijiona amefanya jambo. Angekuwa na haya angekuja mara moja tu, na jiwe mkononi. Bi Usiguse alitamani kumtemea mate. Alimeza.

"Kesho asubuhi naleta kundi kubwa," alisema. "Utakuja, utasimama hapa, utasema maneno hayo hayo uliyoniambia. Jina lako silitaki, na machozi yako kalie kwako. Sema tu mlinzi alikwenda kutafuta maji."

"Nitakuja. Kuja si shida kwangu." Alifunga hotpoti tupu, akasimama, akajifuta vumbi magotini. "Na baadaye, mwanangu, nitaruhusiwa kuendelea kuja? Nimepazoea."

Bi Usiguse alilitoa jiwe shimoni, akakifunga kioo. Alilifunga jiwe kwenye mtandio wake na kupanda ofisini.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu mnene wa maneno laini, ambaye hakushuka bondeni mpaka apatikane wa kumshikia mwavuli. Alimsikiliza Bi Usiguse mpaka mwisho. Akalishika jiwe, akaligeuza, akainuka, akaenda kufunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Aliyelileta."

"Basi limefika salama, tumshukuru Mungu," mkuu alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeletewa msiba. "Sasa tutulie, dada yangu. Tusikurupuke. Ukilirudisha mle, watu watakuja kuona nini?"

"Jani, bosi."

"Jani ni jiwe. Mawe yako tele huko chini, nani anayatazama? Shimo ni moja." Aliinua kidole kimoja kuonyesha umoja wa shimo. "Watu wanalipenda. Kuna waliooana pale. Duka litauza fulana gani? Tutawaambia wazivue?"

"Na baba yangu?"

Mkuu alishusha pumzi kwa huruma kubwa. "Mzee apumzike. Nitampigia simu mwenyewe, nimpe pole, kimya kimya, mtu mzima kwa mtu mzima. Hayo ni mambo ya zamani."

"Mambo ya zamani ndiyo kazi yetu, bosi."

Mkuu alijitia hamnazo. Alifungua droo ya meza ndogo iliyokuwa na birika, droo ya majani ya chai na sukari, akalisukuma jiwe ndani, akafunga kwa goti. Hakutia ufunguo. Droo ile wafanyakazi wote waliifungua kila asubuhi kuchota majani ya chai, na katika maisha yake yote mkuu hakuwahi kuwaza kwamba kuna mtu angeiba jiwe.

Jioni ile baba hakupata nafasi ya kuuliza swali lake. Binti alipiga magoti mbele ya kiti chake na kumwambia yote, ila habari za droo tu. Mlango ulijipiga, ukajipiga tena.

"Gumba liliingia?" mzee aliuliza.

"Liliingia, baba."

Mzee aliutazama mkono wake mwenyewe. "Na yule mama? Alijifungua salama?"

Bi Usiguse hakuwa ameuliza. Haikumjia hata kidogo, na sasa aliona aibu. Baba akatikisa kichwa, akasema haidhuru.

"Bosi anataka akupigie simu akupe pole."

"Simu!" Mzee alipandisha mabega. "Mimi nilivuliwa kofia shimoni, mbele ya watu. Wakitaka kunirudishia, wanirudishie pale pale, mbele ya watu. Pole ya kwenye simu wampe aliyepoteza kuku."

"Basi njoo kesho, baba."

Akaja. Alipiga pasi koti lake la zamani la kazi, lililokuwa limembana enzi hizo na sasa likamning'inia kama limetundikwa ukutani, akachana ndevu, akaingia getini pamoja na wageni. Mlinzi wa getini, ambaye hakuwahi kumwona, alimwamkia shikamoo akampisha. Bi Usiguse alikwishachota majani ya chai asubuhi ile, na hakuchota majani peke yake.

Kundi lilikuwa kubwa kweli. Mama wa mkoba alikuwepo, na wachumba wa reli, safari hii wamenuniana, na wengine wengi wapya na wa zamani. Baba alipitishwa mbele akakalishwa kwenye benchi. Nyuma kabisa, kofia mkononi, alisimama Bwana Kila Mwaka. Bi Usiguse alipomwona, moyo wake ulimlegea kwa shukrani, na alijichukia kwa hilo.

"Ndugu wageni," alianza, "hapa huwa nawaambia kwamba zamu ilikuwa ya mlinzi mlevi. Leo nasema nilikuwa nawadanganya. Mlinzi yule hakuwa mlevi wala mwizi. Alikwenda kutafuta maji ya mama mjamzito aliyeanguka, na mume wa mama huyo ndiye aliyeiba. Mlinzi ni yule mzee pale kwenye benchi. Ni baba yangu." Akafungua kioo, akatoa jiwe mfukoni, akaliweka shimoni. "Na Jani ni hili."

Kimya. Watu walisogea, wakabanana, wakainama. Bi Usiguse alisubiri. Miaka yote alikuwa amewaza kimya hiki, na kitakachofuata baada yake.

"Ni hilo tu?" mtu mmoja aliuliza.

"Dogo!" mwingine alisema. "Mimi nilijua ni kitu cha kubeba watu wawili."

"Kwa hiyo shimo ndiyo basi?" Mama wa mkoba alikuwa karibu kulia. "Mimi nimetoka mbali jamani, na hereni zangu sijazipata."

Kijana mwenye fulana ya doa jeusi alinyoosha mkono kwa adabu. "Samahani dada, unaweza kulitoa kidogo tupige picha ya shimo? Halafu utalirudisha."

Bi Usiguse alimtazama Bwana Kila Mwaka juu ya vichwa vyao. "Sema," alimwambia. "Sema sasa."

Vichwa viligeuka. Bwana Kila Mwaka alifungua mdomo. Wakati huo huo mbao za njia zikasikika zikilia, na mkuu wa kituo akatokea anahema, mwavuli umebaki nyuma, jasho likimtiririka, na tabasamu limeenea uso mzima.

"Ndugu wageni! Ndugu wageni wapendwa! Mmeonaje igizo letu?" Alipiga makofi mwenyewe kuwafungulia njia. "Ni jiwe la mfano tu, msiwe na wasiwasi! Tunajaribu kuwaonyesha ingekuwaje kama lingerudi. Shimo lenu lipo, halijaenda popote!"

Ungeona nyuso zilivyofunguka. "Nilijua tu," alisema yule wa jiwe la kubeba watu wawili. "Lenyewe haliwezi kuwa dogo vile." Wachumba wa reli walishikana mikono. Makofi yakaanza huku na kule, yakakua, yakajaa bonde, na huko nyuma kabisa Bwana Kila Mwaka alivaa kofia yake, akaiweka huru mikono, naye akapiga makofi. Alipiga polepole, kwa adabu, kama mtu aliyesikia hotuba nzuri. Hakumtazama mzee wa kwenye benchi hata mara moja.

"Litoe," mkuu alimnong'oneza Bi Usiguse bila kuacha kutabasamu. "Litoe sasa hivi, kazi yako tutaizungumza baadaye."

Alilitoa. Watu wakajaa mbele, simu juu, wakasukumana kuliona shimo likiwa tupu tena, na sasa walilipenda zaidi kwa sababu nusura walipoteze. Bi Usiguse alibaki amesimama na jiwe mkononi. Alimleta baba yake avuliwe nguo mara ya pili, tena pale pale.

Mzee aliinuka kwenye benchi. Akanyoosha mkono. "Nipe nilione."

Alimpa. Gumba la mzee lilikwenda mahali pake bila kutafuta. Alilishika hivyo, akalitazama lile kundi, migongo yote imemgeukia, akamtazama mkuu anayeelekeza watu wapange mstari, akamtafuta kwa macho yule mwenye hotpoti. Uso wake haukuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayetazama kuku wakigombania ganda la ndizi.

"Wameniita mwizi muda wote huo," alisema taratibu, "na mimi nimeishi mkono mtupu. Si haki hii."

Akalitia Jani mfukoni mwa koti, akafunga kifungo, akaanza kupanda.

Bi Usiguse alikuwa na neno moja la kazi, na aliwahi kuwapigia nalo kelele mawaziri na watoto wachanga. Lilimfikia ulimini. Alilibana kwa meno na kumfuata baba kwa macho mpaka juu getini, ambapo mlinzi alikuwa akipekua mikoba ya kina mama mmoja mmoja kwa ajili ya usalama wa mawe.

"Mzee, mfukoni mna nini?"

"Jiwe."

"Hili la igizo?" mlinzi aliuliza, maana sauti ya mkuu ilikuwa imemfikia hata huko juu.

"Ndivyo alivyosema mkuu wenu mbele ya watu," mzee alijibu. Mlinzi akamfungulia, akamtakia safari njema.

Mchana mkuu alifungua droo ya majani ya chai, akaifunga, akaifungua tena. Akamwita Bi Usiguse, akamkalisha, akafungua mdomo kumuuliza. Amuulize nini? Jiwe la mfano limekwenda wapi? Au apige simu kutangaza kwamba limeibiwa jiwe ambalo dunia nzima inajua liliibiwa zamani? Alipekuapekua karatasi zake, akamuuliza kama sukari imebaki. Kazi yake hawakuizungumza, siku hiyo wala baadaye. Bi Usiguse alimwambia tu, kabla hajatoka, kwamba yale maneno ya mlevi hatayasema tena, na anayetaka ayasikie ashuke bondeni kuyasema mwenyewe, bila mwavuli.

Jioni alifika nyumbani akashangazwa na kimya. Upepo ulikuwepo, mlango haukujipiga. Baba alikuwa amekaa mahali pake, koti amelitundika.

"Eeh," aliuliza, "leo nilikuwaje? Nimelewa?"

"Hapana, baba." Bi Usiguse alivua viatu. "Leo umeiba. Mchana kweupe, mbele ya watu."

"Wameniona?"

"Hakuna aliyekutazama."

"Afadhali," mzee alisema, na safari hii alicheka mpaka akakohoa, na binti hakukimbilia jikoni. Alikaa naye mpaka wote wawili wakafuta macho. Halafu baridi ikaanza kuingia. Bi Usiguse akauendea mlango kuufunga, akaliona Jani chini, limebana ubao barabara, ncha yake imetazama nje. Akainama kulisogeza.

"Wewe!" baba yake alisema kutoka kitini. "Usiguse."